Baisikeli na Udongo Mweusi

Mwadui ni mahali palipo kaskazini-mashariki ya mji wa Shinyanga, katika nchi ya Wasukuma. Hapo ndipo John Williamson, mjuzi wa miamba kutoka Kanada, alipovumbua almasi mwaka 1940. Nchi ile ni tambarare, na wakati wa kiangazi vijana huenda mbali kwa baisikeli pasipo taabu.

Lakini mvua inyeshapo, mambo hugeuka. Katika mbuga kuna udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa jua hukauka na kupasuka nyufa; ukilowa, huvimba na kunata. Hushika gurudumu na kujaa chini ya madigadi, hata gurudumu lisiweze kuzunguka. Msafiri hushuka, akatwaa kijiti, akakwangua tope. Akienda hatua chache, limejaa tena. Mwisho, baisikeli iliyokuwa ikimchukua yeye, yeye huichukua begani.

Kwa hiyo wenye busara husafiri kwa kundi. Mmoja hutangulia kutafuta ukingo wenye nyasi, maana mizizi huushika udongo. Mwingine hukaa nyuma kabisa, asiachwe mtu njiani. Na wakikuta kijito kilichokuwa kikavu asubuhi kimefurika, hungoja. Mwenye haraka huona kungoja ni aibu. Lakini mvua iliyonyesha mbali huleta maji ghafula, nayo hayamjui mwenye haraka. Yakipungua, huvuka pamoja. Jioni wafikapo, mkubwa wao huwahesabu: walitoka watano, wamefika watano.