Wamagana, Kwa Wenye Mashamba Madogo

Kwetu ni Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini. Masika yakinyesha, maji ya pwani hugeuka mekundu, na wazee wetu walizoea kusema kwamba udongo ule ni wa watu wa bara. Nilikuwa mtu mzima nilipopata safari ya kwanza ya kwenda kuwaona watu hao.

Kutoka Nairobi tulipita Sagana na Karatina, na Nyeri mjini nikabadilisha matatu ya kwenda Wamagana, makao ya kaunti ndogo ya Tetu. Baridi ilinipokea kituoni. Upande wa magharibi ilisimama safu ya Nyandarua, vilele vyake vimezama mawinguni. Mashamba yanateremka hadi mitoni kwa mwinamo ambao sisi wa tambarare tungeuogopa hata kwa miguu, achilia mbali kwa jembe.

Mwenyeji wangu alikuwa ajuza mjane. Nilimwamkia, "Shikamoo, Cucu," yaani bibi kwa Kikuyu, akaitikia na kunipa kigoda karibu na moto, kisha chai ya maziwa matupu. Shamba lake halifiki ekari moja. Baba mkwe wake alikuwa na kubwa zaidi, likagawanywa kwa wana, na wana nao wakawagawia wana wao. Hadithi hiyo utaisikia katika kila boma la Tetu, na ndiyo maana ushauri wa kumwambia mkulima wa huku "apanue kilimo" hauna maana. Apanulie wapi?

Alinitembeza kwenye mikahawa kwanza. Mingi ni SL28, mbegu iliyochaguliwa na Maabara ya Scott katika miaka ya 1930, wakati Mwafrika wa sehemu hizi bado anakatazwa kuipanda. Mlango ulifunguliwa kwa upana baada ya mpango wa kilimo wa wakoloni, Mpango wa Swynnerton wa 1954, na kizazi cha mumewe kikajenga nyumba za mabati na kusomesha watoto kwa kahawa. Kisha mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ukavunjika. Kenya iliyokuwa ikivuna karibu tani 130,000 mwishoni mwa miaka ya 1980 ilishuka hadi chini ya tani 40,000 msimu wa 2020/21. Nyuma ya tarakimu hizo kuna mikahawa iliyoachwa ikamezwa na magugu, na vijana walioona shamba linawadhalilisha wazazi wao wakaenda Nairobi.

Cucu hakuing'oa mikahawa yake. Baadhi ya mashina ya zamani ameyapandikizia vikonyo vya Ruiru 11, mbegu iliyotolewa mwaka 1985, inayohimili chulebuni na kutu ya majani. Mizizi ni ileile, kwa hiyo hakulazimika kuanza upya na miche michanga, na gharama ya dawa imepungua. Lakini buni akishaipeleka kiwandani hukaa miezi akingoja malipo, kwa sababu lazima ikobolewe, ipelekwe mnadani Nairobi, makato yatolewe, ndipo chama cha ushirika kimlipe.

"Kahawa ilijenga hii nyumba," aliniambia, "lakini unga unanunuliwa na ng'ombe."

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu. Ng'ombe wake ni mmoja wa gredi, amefungiwa bandani. Maziwa hutoka kila siku na kulipwa mwisho wa mwezi. Mdogo wake aliyeolewa juu, karibu na msitu, huchuma majani chai ya kiwanda cha Gathuthi: naye hupata chochote kila mwezi, kisha bonasi mara moja kwa mwaka. Ndizi na mayai huenda sokoni. Hakuna hata kimoja kinachotajirisha, ila mtoto akiugua mwezi wa pili, pesa ya matibabu ipo bila kuuza kipande cha ardhi. Naamini hapo ndipo penye uhai wa mkulima mdogo: katika siku ambazo pesa inaingia, zaidi hata ya wingi wake.

Chini ya kahawa amechimba matuta ya fanya juu, na kwenye kingo amepanda majani ya nepia. Majani ni chakula cha ng'ombe, samadi inarudi kwenye kahawa, na udongo unabaki kwake. Usipobaki, unaingia Mto Gura, Sagana, kisha Tana, na kujaza tope Bwawa la Masinga lililokamilika mwaka 1981. Ndiyo sababu Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi ulianzishwa mwaka 2015, ili wanywaji na wazalishaji umeme wa huku chini wachangie matuta na vidimbwi vya wakulima wa milimani. Ni haki tupu. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapo hapo Tetu, alikuwa ameyasema hayo kwa miche tangu alipoanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977.

Kidimbwi Cucu hana. Kiangazi huteka maji mtoni na kuyapandisha mgongoni, katika umri ule. Wanaofika Wamagana na miradi, kaunti na wafadhili, nawaomba waanze na mambo mawili kabla ya semina na miche mipya: maji yahifadhiwe shambani, na kahawa ilipwe mapema.