Pua, Ndagala na Tone la Potasa

Nilianza kazi ya labo Uvira kabla ya vita vya 1996, na chombo cha kwanza nilichofundishwa kutumia kilikuwa pua. Unapaka uchafu wa ukeni kwenye lamu, kile kioo chembamba, unaudondoshea potasa ya asilimia 10, unanusa papo hapo. Ikipanda harufu ya samaki, unashuku vaginozi ya bakteria. Sasa, dirisha letu lilielekea Kalundu, ufukweni mwa ziwa, na mchana upepo ulituletea harufu ya ndagala walioanikwa mchangani. Mzee wa labo alicheka: "Mwanangu, hapa kwetu pua ni shahidi mwongo. Funga dirisha kwanza." Nilidhani ananitania. Kumbe samaki anayeharibika na ule uchafu wana kemikali moja, trimetilamini. Potasa inaifukuza tu iruke hewani. Baadaye nilisoma kwamba Amsel na wenzake, mwaka 1983, waliiweka harufu hiyo kati ya dalili nne, tatu zikitosha kuthibitisha ugonjwa.

Potasa haikuwa ngeni kwangu. Bibi alichoma maganda ya ndizi, akachuja maji ya majivu, akapikia sabuni ya mawese. Ile ya labo ni ya ukoo huohuo, ila kali zaidi. Punje zake hunywa unyevu wa ziwa: sahau kifuniko jioni, asubuhi utakuta uji.

Watoto wenye mapunye ndio walionipa aibu. Tulikwangua magamba, tukachukua na vipande vya nywele zilizokatika, tone, kioo cha kufunika, kisha kungoja kama dakika 20. Potasa huyeyusha ngozi na nywele, lakini ukuta wa fangasi una kitini, haukubali. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, hivyo tuligeuza kioo cha mikroskopi kulitafuta jua, na nyuzi zenye vipingili zikajitokeza. Siku moja niliandika "fangasi" kwa furaha. Mzee akachukua unyuzi wa pamba, akauweka chini ya mikroskopi, akaniita nitazame. Ulikuwa ndugu pacha wa fangasi wangu, hauna hata kipingili kimoja. Bila yeye, mtoto yule angemeza griseofulvini wiki sita kwa ajili ya pamba.

Baada ya vita ikaja karatasi ya mishale. Mama akisema anatokwa uchafu na kuwashwa, muuguzi anafuata mishale hadi kwenye dawa, bila lamu. Siilaumu moja kwa moja. Vituo vingi vya bonde la Ruzizi havikuwa na mikroskopi, na mama aliyetoka Kiliba kwa miguu huwezi kumwambia arudi kesho kuchukua majibu. Lakini nikaanza kuwapokea wanawake waliomaliza metronidazole mara ya pili, hata ya tatu, na bado wanawashwa. Dawa hiyo inaua vimelea vya trikomona na bakteria; fangasi haiwagusi. Nilikuwa nikiweka matone mawili kwenye lamu moja: la maji ya chumvi, ambamo trikomona huonekana wakiogelea, na la potasa, ambayo huwaua lakini inaacha fangasi wakiwa na machipukizi yao. Jibu lilitoka kabla mama hajamaliza kumnyonyesha mtoto barazani.

Siku hizi mikroskopi yetu ina taa yake, vijana wanavaa barakoa, na hakuna anayenusa lamu. Sawa, pua ipumzike. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilihimiza vipimo vya kusoma vinasaba vya vimelea pale vinapopatikana. Kwenye meza yangu havijafika. Chupa ya potasa ipo, ya plastiki, imefungwa vizuri.

Ndugu zangu wauguzi, mama akirudi mara ya pili na muwasho uleule, msimwandikie dawa tena kabla hamjanitumia lamu.