Tulisoma Psikolojia kwa Intaneti

Neno psikolojia si geni kwa wale waliopita seminari. Majirani zetu wa Tanzania na Kenya husema saikolojia, nalo ni neno lile lile lenye asili ya Kiyunani, maana yake elimu ya roho. Lakini ukifungua vitabu vya leo vya elimu hiyo utaitafuta roho tangu ukurasa wa kwanza hata wa mwisho, wala hutaiona. Utaona ubongo, mishipa ya fahamu, panya, njiwa, watoto wachanga, hofu, usingizi na kumbukumbu. Roho haimo. Basi tunataka kuwaeleza jinsi sisi wakatekista watatu wa parokia moja tulivyoisoma elimu hiyo muda wa mwaka mzima, tulichookota humo, na tulichokiacha njiani.

Kwanza kozi yenyewe. Huko Marekani iko universite ya zamani inayoitwa Yale, iliyoanza mwaka 1701. Mwaka 2007 waliyarekodi masomo ya mwanzo ya psikolojia, jinsi profesa Paul Bloom alivyoyafundisha mbele ya wanafunzi wake, wakayaweka katika intaneti ili kila mtu ayasikilize bure. Profesa huyo ni mzaliwa wa Kanada, na siku hizi anafundisha Toronto. Masomo ni 20. Kila neno alilosema limeandikwa pia, mtu aweza kulisoma. Hakuna malipo, hakuna mtihani wa kusahihishwa, hakuna diploma.

Hilo la diploma liliwasumbua watu wengi. Walituuliza: «Mtasoma mwaka mzima, halafu mtapata karatasi gani?» Tukawajibu: «Hakuna.» Wengine walitucheka. Katika nchi yetu tumezoea kupima elimu kwa muhuri, na hatuwalaumu wanaofanya hivyo, maana bila muhuri hakuna kazi. Lakini tukumbuke kwamba hata mkulima hujifunza mambo ya udongo bila diploma, na mahindi yake huota vilevile.

Picha za sinema hula mega kama moto unavyokula majani makavu. Kwa hiyo tuliziacha picha, tukachukua sauti na maandishi tu. Maandishi ya somo zima ni mepesi kuliko picha moja. Mmoja wetu alikaa Uganda miaka kadhaa, anajua Kiingereza. Yeye alisoma kwa sauti, akageuza kwa Kifaransa, nasi tukaligeuza neno kwa Kiswahili na kuliandika katika daftari. Tulikutana kila Alhamisi jioni baada ya mafundisho ya wakatekumeni. Somo ambalo profesa alilimaliza kwa saa moja, sisi lilituchukua majuma mawili, au hata matatu.

Kwa kweli kule kugeuza maneno ndiko kulikotufundisha kuliko yote. Profesa ana neno moja la Kiingereza kwa kile kinachofikiri ndani ya mtu. Sisi tulihitaji maneno manne: akili, moyo, nafsi, roho. Tulibishana jioni nzima. Kwetu moyo ndio unaoogopa, moyo ndio unaokumbuka, moyo ndio unaokataa. Akili hupanga na kuhesabu. Roho ni ya Mungu. Ukisema «akili zake zimeharibika», watu wanaelewa ugonjwa. Ukisema «moyo wake umeharibika», wanaelewa dhambi. Ndiyo maana mtu aliyeugua kwa huzuni, asiyekula wala kulala, huambiwa mara nyingi kwamba moyo wake ni mbaya, kumbe ni mgonjwa tu. Neno baya lamnyima mtu dawa.

Sasa tuje kwenye vita vyenyewe. Katika somo la pili profesa alisema wazi kwamba yeye na wenzake hawakubali kuwa mtu ni vitu viwili, mwili na roho, kama alivyofundisha mwanafalsafa Descartes wa Ufaransa katika karne ya 17. Akataja kitabu cha Francis Crick cha mwaka 1994. Crick ni mmoja wa wale wawili waliogundua umbo la ADN mwaka 1953, naye aliandika kwamba furaha zetu, huzuni zetu na mapenzi yetu yote ni kazi ya ubongo basi. Jioni ile mwenzetu mmoja alifunga daftari lake. «Hapa mimi nashuka,» akasema. «Siwezi kukesha usiku nikisoma kwamba sina roho, halafu asubuhi nifundishe watoto kwamba wanayo.»

Hatukumcheka, maana neno lake lilikuwa zito. Lakini tuliomba juma moja la kutafuta. Tulirudia madaftari yetu ya falsafa ya seminari, tukamwuliza na Padri Paroko. Hiki ndicho tulichokipata. Mtaguso Mkuu wa Vienne, wa miaka 1311 na 1312, ulifundisha kwamba roho yenye akili ni umbo la mwili. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikuwa ameyafafanua hayo kabla yake. Maana yake ni nini? Maana yake, roho haikai ndani ya mwili kama dereva ndani ya gari, wala kama maji ndani ya kibuyu. Mtu ni mmoja. Anapoumia ubongo, anaumia mtu mzima. Kumbe yule Descartes ambaye profesa anampiga vita si mwalimu wetu hata kidogo. Profesa anaubomoa ukuta, lakini si ukuta wa nyumba yetu.

Tusijidanganye lakini. Kanisa lafundisha kwamba roho ya kila mtu imeumbwa na Mungu mwenyewe, tena haifi. Profesa hasemi hivyo. Hapo tunaachana naye, bila matusi, kama watu wanaoachana njia panda na kila mmoja akashika njia yake. Mizani yake yapima ubongo. Kitu kisichopimika hawezi kukiona kwa mizani ile, wala hawezi kutuonyesha kwamba hakipo.

Mfano ulituangazia. Tarehe 13 Septemba 1848, huko Vermont katika Marekani, msimamizi wa wajenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alikuwa akishindilia baruti katika mwamba kwa chuma kirefu cha zaidi ya meta moja. Baruti ililipuka. Chuma kilimwingia chini ya shavu la kushoto, kikatoka juu ya kichwa. Hakufa, aliishi hata mwaka 1860. Lakini daktari wake aliandika kwamba rafiki zake hawakumtambua tena, kwa jinsi alivyokuwa mwenye matusi na asiye na subira. Baadaye alikwenda Chile, akaendesha magari ya farasi miaka kadhaa, kazi inayohitaji uangalifu. Sisi tulijiuliza: Je, alipotukana, alitenda dhambi kiasi gani? Katekisimu yatuambia kwamba dhambi ya mauti yahitaji ujuzi kamili na ukubali kamili. Basi wazee wetu wa teolojia walikwisha kuacha nafasi kwa ajili ya mtu kama Gage kabla hajazaliwa. Mwenzetu alifungua daftari lake tena.

Kuna watu wanaodhani Kanisa laiogopa elimu hii. Si kweli. Kardinali Mercier wa Ubelgiji, alipokuwa bado padri na mwalimu huko Louvain mwishoni mwa karne ya 19, alitaka psikolojia ya majaribio ifundishwe pamoja na falsafa ya Mtakatifu Tomaso. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, unaagiza kwamba wachungaji watumie pia mavuno ya elimu za kidunia, ukizitaja kwa jina psikolojia na sosiolojia.

Jaribio moja lilituchoma sisi watu wa seminari. Mwaka 1973 wataalamu wawili, Darley na Batson, waliandika habari za wanafunzi 40 wa seminari ya Kiprotestanti ya Princeton. Kila mmoja alitumwa kwenda nyumba ya pili kutoa hotuba fupi. Wengine walipewa kuhubiri mfano wa Msamaria Mwema. Njiani alikuwa amewekwa mtu aliyeinama, akikohoa na kuugua. Waliosimama kumsaidia walikuwa 16. Kati ya wale kumi walioambiwa kwamba wamechelewa sana, alisimama mmoja tu. Kuwa na Injili ya Msamaria kichwani hakukuonekana kuwaongezea kitu. Haraka ndiyo iliyowashinda. Tangu tusome hayo, mmoja wetu huondoka nyumbani mapema nusu saa kabla ya Misa ya Dominika, na kila mara, asema, njia ina watu.

Lakini somo lililotusaidia kuliko yote ni la kumbukumbu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na mwenzake John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 150 sinema fupi ya ajali ya magari. Kundi la kwanza la watu 50 waliulizwa: magari yalikuwa na mwendo gani yalipopondana? Kundi la pili la watu 50: yalipogongana? Kundi la tatu hawakuulizwa. Baada ya juma moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika sinema havikuwamo vioo vilivyovunjika. Hata hivyo, katika kundi la «yalipopondana» watu 16 walisema waliviona. Katika kundi la «yalipogongana» watu 7. Katika la tatu 6. Neno moja la mwulizaji liliingia ndani ya kumbukumbu ya mtu, likakaa humo kama mwenyeji.

Ni jambo dogo, utasema, magari na vioo. Sikiliza basi. Katika mtaa mmoja wa kwetu, msichana wa miaka tisa, yatima wa mama, aliyekimbia vita pamoja na baba yake, alikuwa akikojoa kitandani na kupiga kelele usiku. Katika chumba kimoja cha sala walisema ni mlozi. Walimwuliza usiku tatu mfululizo, bila chakula: «Nani alikupa nyama? Ulikula na nani? Mama yako mlimla wangapi?» Usiku wa tatu mtoto alijibu. Alitaja nyama, akataja mahali, akataja hata rangi ya sahani.

Shangazi yake ni Mkristo wa jumuiya yetu. Alikuja kwetu analia. «Mwalimu, mtoto amesema kwa kinywa chake mwenyewe. Nimkatae vipi?» Tulimwambia: «Mama, kinywa ni chake, lakini maneno ni ya nani? Nani alitaja nyama kwanza?» Alinyamaza kitambo. Akasema: «Ni wao.» Tukamsomea daftari, habari ya vioo, kwa Kiswahili. Alitusomesha tena mara ya pili. Halafu akauliza swali ambalo hata profesa angelipenda: «Na kama hao wakubwa, wenye kushiba, waliona vioo kwa neno moja tu, huyu mtoto mwenye njaa angeacha kuona nini?»

Yeye ndiye aliyekwenda kwa kaka yake, si sisi. Sisi tulimfuata siku ya pili pamoja na watu wa Kamati ya Haki na Amani, tukamweleza baba mambo mawili. La kwanza, mtoto aliyekimbia bunduki aweza kurudia kukojoa kitandani hata kama alikwisha kuacha, na kelele za usiku ni hofu inayotoka. La pili, sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, ya kuwalinda watoto, inaadhibu kwa kifungo na faini anayemshtaki mtoto kwamba ni mlozi. Baba alikasirika sana, hasa kwa hilo la pili. Lakini alikubali mtoto akae kwa shangazi. Hajamrudisha bado nyumbani kwake, na jirani wengine bado hawataki watoto wao wacheze naye. Hatukuwabishia habari za uchawi upo au haupo; jioni moja haimalizi neno hilo. Tuliuliza tu: jibu hili lilitoka wapi?

Msomaji asidhani kwamba kila lisemwalo na wataalamu ni Injili. Mwaka 2015 kikundi kikubwa cha watafiti kilitangaza kwamba walirudia majaribio 100 ya psikolojia, na yaliyotoa tena jibu lile lile hayakufika nusu. Walijikagua wenyewe, wakaandika hadharani. Jambo hilo lilituongezea heshima kwao, ingawa lilitupunguzia haraka ya kuwaamini. Tena wengi wa waliojaribiwa ni wanafunzi wa universite za Marekani. Mtu wa Kivu hakuulizwa.

Jambo moja dogo tena, kwa ajili ya walimu. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walionyesha kwamba mwanafunzi anayejiuliza na kujijibu alichosoma hukumbuka, baada ya juma moja, kuliko yule anayekisoma tena na tena. Wazee waliofundishwa katekisimu ya maswali na majibu chini ya mti watatabasamu. Waliotuambia njia ile ni ya kikasuku hawakusema uongo wote, lakini wasiitupe yote.

Masomo tisa yamekwisha kugeuzwa kwa Kiswahili, yamo katika madaftari mawili ofisini mwa parokia. Somo la mwisho, ambalo ni juu ya furaha, tumelisikiliza tu. Bado tunabishana juu ya jina lake, kama tuseme furaha au heri. Anayetaka kutusaidia katika neno hilo aje Alhamisi, saa kumi na moja ya jioni, na telefone yenye moto.