Kuusoma Mchanga wa Kilwa

Nangurukuru ni njia panda. Lami ya Dar es Salaam huendelea kusini hadi Lindi. Nyingine hukata mashariki kwenda Kilwa Masoko. Mimi niliishika ya tatu, ya udongo, iendayo magharibi Njinjo na Liwale, kwani wazee niliotaka kuwasikiliza tungo zao wakaa huko, na usafiri wa kutegemewa ni pikipiki.

Mwalimu wangu alikuwa kijana wa bodaboda, umri wa kitinda mimba wangu. Siku tatu za mwanzo hakuniruhusu kupita gia ya pili. “Mzee, usiukabe usukani,” alinambia. “Uache ucheze, utarudi wenyewe.” Mchangani, gurudumu la mbele likielemewa huzama, kisha hugeuka upande. Kwa hivyo mpandaji hurudisha uzito nyuma, huangalia mbali wala si chini ya tairi, na mkono wake wa mafuta hautetereki. Matairi hupunguzwa upepo kidogo ili yatandae. Kwa maneno ni mepesi hayo. Mwili ndio mwanafunzi mgumu: kila unapoteleza hutaka kufunga breki ya mbele, nayo ndiyo impindulayo. (Nimepata kukaa mwezi mzima na ubeti mmoja wa kufasiri, ubeti, angalau, haukuangushi.) Udongo mweusi wa mbuga una mambo yake. Ukilowa huganda chini ya madigadi hata gurudumu likakataa kuzunguka, na hapo hushuka mtu akatafuta kijiti.

Katika karne ya 19 misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilishukia Kilwa Kivinje, na watumwa na pembe. Kusini zaidi, mifupa ya mijusi ya Tendaguru, iliyochimbwa baina ya 1909 na 1913, iliingia bandari ya Lindi juu ya wapagazi, kwa miguu. Nchi hii imejengewa juu ya ujuzi wa wabebaji, na hadi leo mbebaji hahesabiwi kuwa fundi. Sisi mijini humwita mwenye bodaboda mhuni. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu huko Somanga, lami yenyewe ilikuwa haina msaada.

Siku ya nane alinifungia nyuma gunia la ufuta, nikalifikisha ng’ambo ya mchanga likiwa wima. Nilingoja sifa. Yeye alizikagua kamba, kisha akanieleza juu ya abiria anaowabeba usiku kuwapeleka zahanati, wanawake walioshikwa na uchungu.

“Gunia hufungwa, mzee. Mja mzito hafungwi.”

Akalishusha gunia, akapanda yeye nyuma yangu, mikono magotini, bila kunishika. Tukaanza tena, gia ya kwanza.