Ngozi Mbichi

Jumatatu, 6 Mei 2024, Garsen

Simu imelia kabla ya adhana ya alfajiri. Alikuwa mdogo wa mpiga ngoma mwenzangu. Hakutoa habari, alinyamaza tu, nami nikajua amefariki. Miaka 22 nimepiga ngoma kando ya ndugu yangu yule, harusini, matangani, uwanjani siku ya Madaraka. Leo nimezunguka chumbani nikitafuta viatu, kumbe nimevivaa.

Mto umetapika. Mashamba ya mpunga hayaonekani, migomba imebaki vichwa, na watu wa bondeni wamehamia kwenye miinuko ya mchanga, chini ya maturubali. Mkewe ananiambia mumewe alikataa kupanda mtumbwi mpaka ngoma zake zitangulie. Akacheka kidogo, kicheko kikamkatika.

Jumatano, 8 Mei

Tumemzika. Kaburi limechimbwa mara mbili, maana la kwanza lilijaa maji kabla halijafika kiunoni. Jeneza lilivuka kwa mtumbwi, vijana wakisukuma kwa pondo, na sisi wengine nyuma, kimya.

Tulitaka kumpigia ngoma ya mwaribe. Ngozi zilikuwa zimelegea kwa unyevu, na kuni kavu za moto wa kuzikaza hapakuwa na hata kijiti. Basi akina mama wakaimba kwa makofi. Nilisimama nikisubiri lile pigo lake la tatu, alilokuwa akilichelewesha kidogo, kidogo mno, mpaka mchezaji ananing'inia hewani mguu haujashuka. Halikuja. Hapo ndipo nilipolia.

Mzee Muorma aliyekuwa akimuuzia ngozi za mbuzi alikuja pia, amekata maji tangu asubuhi, kanzu imelowa hadi mapajani. Baada ya mauaji ya Agosti 2012 na miezi iliyofuata, watu wa pande zetu mbili, Wapokomo na Waorma, waliogopana hata sokoni. Ndugu yangu alikuwa na deni la ngozi mbili kwa mzee huyu. Alilipeleka kwa miguu, peke yake. Sijui mwanamuziki mwingine wa hapa aliyefanya jambo kubwa kuliko hilo.

Alhamisi, 9 Mei, usiku

Usingizi hauji. Nakumbuka alivyoizungumzia Ngadji, kama mtu anayemtaja babu yake aliyefungwa ughaibuni. Ngoma ile kuu ya Wapokomo ilichukuliwa na Waingereza mwaka 1902, na tangu 1908 ni mali ya British Museum, London, imewekwa ghalani. Aliikuza picha yake kwenye simu mpaka ikawa ukungu mtupu, akaniuliza, "Huko nani anaiotesha moto?" Nilidhani anatania. Alikuwa na machozi.

Na wimbo wa taifa! Sauti yake imetoka kwenye wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea watoto, ikatengenezwa na kamati ya mwaka 1963. Yeye aliona bendi zinauharakisha. Kwenye paredi ya shule alisimama wima kama wengine, lakini niliyekuwa karibu naye nilimsikia akiuimba chini kwa chini kwa Kipokomo, polepole, kama ana mtoto begani.

Jumapili, 12 Mei

Jua limetoka. Shemeji amepiga simu: "Shemeji, njoo, hizi ngoma zinaoza."

Nimefika kambini na gunia la makumbi ya nazi. Tukawasha moto mdogo, tukaziegemeza mbali kidogo na ndimi zake, tukawa tunazigeuza. Mbili zimerudi. Nilipoigonga ya kwanza, watu wakatoka maturubalini wakasimama.

Mwanawe wa miaka 12 akaniuliza, "Baba mdogo, nijaribu?" Ana mkono mwepesi, ila anakimbia. Nikamwambia, pigo la tatu, ngoja. Hakuelewa. Nikamshika kifundo cha mkono nikakizuia hewani, nikakiachia. Tukarudia hivyo hadi shemeji akaleta chai.

Ngoma ya tatu imechanika ukingoni, haifai. Kesho nitamtafuta yule mzee Muorma, kama mbuzi wake wamesalimika.