Nyuki wa Liti

Mwaka 2021 niliuza alizeti yangu yote, nikaongeza na akiba kidogo niliyokuwa nayo, nikanunua kompyuta ya kukunja ya mtumba. Ndugu zangu wa Mwankoko walinihurumia. Walidhani nimeugua. Mtu mwenye mke na watoto wawili, fundi simu mwenye meza yake mjini Singida, anaacha kununua mabati ya kumalizia nyumba anakwenda kununua chombo cha kutengenezea michezo ya watoto! Shemeji yangu mmoja alikuja jioni, akaketi, akanywa uji wake polepole, kisha akaniuliza kwa upole kama nina deni nililolificha. Sikuwa na deni. Nilikuwa na hadithi moja, na nilikuwa na haraka.

Haraka yenyewe ilitokana na bibi yangu, mama mzazi wa baba. Jicho lake la kushoto lilikwisha kufungwa na mtoto wa jicho, na la kulia likawa linaona kama mtu anayetazama nje asubuhi ya ukungu. Kupasuliwa alikataa kata kata. Nami nilitaka aione hadithi yake ikitembea kabla ukungu haujafunga kabisa.

Hadithi yenyewe ni ya Liti. Msomaji aliyepita Singida atakuwa amelisikia jina hilo, maana uwanja wa mpira uliokuwa ukiitwa Namfua siku hizi unaitwa Liti. Wazee wa Kinyaturu husimulia kwamba mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani walipokuja kuitawala nchi hii, mwanamke huyo aliwapinga, na silaha yake ilikuwa nyuki. Namna ya kuisimulia hutofautiana nyumba hata nyumba. Ya kwetu bibi aliipata kwa bibi yake, ambaye siku hizo alikuwa msichana mdogo.

Kwa nini mchezo wa kompyuta, na si filamu au kitabu? Jibu liko mezani kwangu. Vijana wanaoniletea simu zilizopasuka vioo hawaniulizi kwanza kama watapiga tena. Huuliza kama gemu zao zitakuwepo. Wanaijua mitaa ya miji ya Marekani ambayo hawajaikanyaga, lakini ukiwauliza Liti ni nani, watakwambia ni uwanja. Tena filamu inataka watu, mavazi, bunduki za kale na chakula cha wote hao. Mchezo wa kompyuta unataka mtu mmoja na usiku mwingi.

Programu inayotumika kuujenga mchezo huitwa injini. Ziko injini kubwa zinazotengeneza mambo ya ajabu, lakini kuipakua moja tu kungemaliza bando langu la miezi kadhaa, na kompyuta yangu ingelia. Nikachukua Godot, ambayo ni ya bure na wakati ule ilikuwa faili dogo la makumi machache ya megabaiti. Vitu vya kuonekana, yaani mawe, mizinga, nyumba za tembe, nilivichonga kwa Blender, nayo ni ya bure. Nilipochoka nilimkumbuka Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza kwa miaka 3 hata akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta, naye alikuwa akitembea mwendo wa saa 3 kwenda kuichaji. Mimi umeme ninao nyumbani. Ningelalamika nini?

Kujenga mahali pa mchezo hakukunisumbua sana. Mawe ya Singida ni rahisi kuyachonga. Unachukua mche, unaukunja kunja, unaupaka rangi ya kijivu, unaubebesha mwingine. Kilichonitoa jasho ni vile vipande vya sinema vinavyoingia katikati ya mchezo, pale mchezaji anapoambiwa aweke mikono chini atazame. Jambo hili si geni. Pac-Man ya mwaka 1980 tayari ilikuwa na vichekesho vifupi kati ya hatua na hatua, na Ron Gilbert alipotengeneza Maniac Mansion mwaka 1987 vipande hivyo alivipa jina ambalo Waingereza wanalitumia hadi leo. Watengenezaji hawajapata kukubaliana kama ni kitu chema. Mwaka 1998 ulitoka mchezo wa Metal Gear Solid uliojaa sinema ndefu, na mwaka huo huo ukatoka Half-Life, ambao haukumnyang'anya mchezaji macho yake hata mara moja.

Ndani ya injini kazi iko hivi. Kuna mstari wa muda uliogawanywa kwa sekunde. Unamwambia kamera: sekunde ya 0 uwe hapa, sekunde ya 4 uwe pale. Njia ya katikati kompyuta inaijaza yenyewe. Nilidhani hapo nimemaliza! Nilipobonyeza, kamera yangu ilikwenda kama kitu kilichovutwa kwa kamba, ikasimama ghafla kama iliyogonga ukuta. Ilinichukua wiki nzima kutambua kosa, na nililitambulia barabarani, nikiwa nyuma ya gari la ng'ombe. Gari la ng'ombe halianzi kwa mwendo wake wote. Linajivuta kwanza, linashika mwendo, na likikaribia kusimama linapunguza. Usiku ule niliupinda mstari wa mwendo mwanzoni na mwishoni, na kamera ikapata uzito.

Kosa la pili alilitambua binamu yangu. Askari wa Kijerumani walikuwa wakitembea kutoka kushoto kwenda kulia. Katika picha iliyofuata nilihamishia kamera upande wa pili wa njia, wakawa wanatoka kulia kwenda kushoto. Akaniuliza, "Kaka, mbona wamegeuka? Wamekwisha kimbia?" Watu wa sinema wanayo kanuni ya jambo hili, kwamba ukishachagua upande wa kusimama usiuvuke mstari bila kuonyesha. Nami kanuni hiyo niliipata kwa aibu.

La tatu lilikuwa la kifundi, nalo nalieleza kwa ajili ya yeyote atakayejaribu. Kipande cha sinema kinapoanza unamfungia mchezaji vitufe, kikiisha unamfungulia. Mimi niliagiza afunguliwe pale injini itakapotoa taarifa kwamba picha imekwisha. Vema. Lakini mchezaji asiye na subira akibonyeza ili airuke sinema, picha husimamishwa katikati, na picha iliyosimamishwa haitoi taarifa ya kwisha. Basi binamu yangu akairuka, na mtu wake akabaki amesimama porini kama nguzo, hafunguliwi. Dawa yake ni kuweka ufunguo mahali pamoja, na milango yote miwili, wa kumaliza na wa kuruka, ipite hapo.

Baada ya miezi minane nilikuwa na dakika moja na nusu. Nilijisifu moyoni. Lazima nikiri kwamba nilijifunza kutazama katika kibanda cha video mjini, enzi za mikanda, ambako filamu za nje zilitafsiriwa papo hapo na sauti kama ile ya Lufufu wa Dar es Salaam, na kila shujaa alianguka polepole huku vumbi likipanda. Kwa hiyo Liti wangu alisimama juu ya jiwe, upepo ukipeperusha vazi lake, kamera ikimzunguka toka angani. Nyuki nikawamwaga 5,000, kompyuta ikakwama, nikawapunguza hadi 200. Na mwishoni niliweka kifo chake. Wengi husimulia kwamba alisalitiwa akauawa, nami nilikitengeneza kwa bidii: panga, jua nyuma yake, kimya.

Nikampelekea bibi jioni. Nikamsalimu, akaitikia, "Marahaba, mume wangu, umeniletea nini?" Nilizima taa nikaongeza mwanga wa kioo, naye akakisogelea hata pua ikakaribia kugusa. Akatazama yote bila neno. Kisha akauliza:

"Na mimi hapa nimekaa wapi?"

Sikumwelewa. Nikamwambia, "Bibi, wewe haumo. Hii ni zamani."

"Najua ni zamani. Nauliza, anayetazama amekaa wapi? Mara yuko juu kama mwewe, mara yuko mbele ya bunduki. Bibi yangu alikuwa chini ya mgunga, ameambiwa asitikisike. Aliona miguu. Miguu ya watu wengi, yenye viatu. Kisha akasikia."

"Akasikia nyuki?"

"Kwanza hakusikia kitu."

Kuhusu kifo nilitaka asifie ufundi, maana sehemu ile ndiyo iliyonigharimu usiku mwingi kuliko zote. Yeye alikunja uso tu. "Sisi hatukuisimulia hivyo. Wetu walikuwa wamekwisha kimbia. Waliobaki kutazama ni wale waliomuua. Wewe umepata wapi macho yao?"

Niliondoka nimekasirika, sifichi. Mtu hafanyi kazi miezi minane kisha akaulizwa ameketi wapi. Kwa muda wa siku tatu nne sikuifungua kompyuta. Nilitengeneza simu, nikarudi nyumbani, nikalala mapema, mke wangu akashangaa. Lakini swali lile lilinifuata. Nilianza kuitazama kila filamu kwa kujiuliza: anayeona hapa ni nani? Aghalabu sikupata jibu. Na ile picha ya panga, kila nilipoikumbuka, niliona kwamba kamera niliiweka sawasawa na mahali ambapo askari angesimama. Sikuipanga hivyo kwa makusudi. Niliiweka palipokuwa na mwanga mzuri.

Nikarudi kwa bibi na simu, nikamwomba asimulie upya, nami nirekodi. Alisimulia kwa Kirimi, lugha yake ya kila siku, dakika 2 na sekunde 40. Nikaitia sauti ile kwenye mstari wa muda, nikafuta picha zote, nikaanza kupanga upya kwa kufuata pumzi yake. Anaposita, kamera inasita. Anaposema miguu, naonyesha miguu, toka kimo cha mtoto aliyejikunyata, majani ya mgunga yakikata nusu ya kioo. Askari sikuhitaji tena kuwachonga nyuso.

Kabla ya nyuki kutoka, sauti ya bibi inanyamaza kwa sekunde 4. Mwanzoni nilizikata, kwa maana katika mchezo sekunde 4 za kutofanya kitu ni nyingi mno. Mtu atadhani kompyuta imekufa. Nilipomsikilizisha alinikamata mara moja, yeye asiyeona vizuri. "Umeniibia hapo," akasema. Nikazirudisha. Katika sekunde zile hakuna kinachosogea isipokuwa unyasi mmoja, na huo niliuongeza ili tu mchezaji ajue umeme haujakatika. Kisha mvumo unaanza upande wa kulia, nyuma, mahali ambapo huwezi kugeuka kutazama. Nyuki wote 200 hawaonekani wakati mmoja. Mara nyingi wanaonekana 10. Inatisha kuliko wale 5,000.

Badiliko hilo lilivuta jingine. Kama macho ni ya yule msichana, basi mchezaji naye hawezi kuwa Liti. Ikanibidi nimfanye mchezaji kuwa msichana, na karibu nusu ya mchezo nilioujenga ikaenda na maji. Binamu yangu alilalamika sana. Alitaka kupigana. Na kifo nilikifuta. Akasema sasa mchezo hauna mwisho. Katika hilo la mwisho sikubishana naye, maana ana haki yake. Watu wengine wataununua ili wapigane, na mimi nina mabati ya kununua.

Kipande kilipokamilika nilikipeleka kwa bibi. Safari hii hakusogea karibu na kioo. Alikaa kwenye kigoda chake akageuzia sikio, akijisikiliza, na mara moja mbili midomo yake ilitangulia maneno. Zile sekunde 4 zilipofika alifumba macho. Nyuki wakaja, miguu ikatawanyika, mvumo ukapungua, na hapo kamera inateleza polepole toka chini ya mgunga hadi nyuma ya mgongo wa msichana, na vitufe vinafunguliwa bila alama yoyote. Nilikuwa najivunia sana mpito ule. Nikamshika bibi kidole, nikakiweka juu ya kitufe cha mshale.

"Ukibonyeza, anatembea."

Akabonyeza. Msichana akapiga hatua. Bibi akastuka, akacheka, akabonyeza tena na hakuachia. Nikaona anampeleka kinyume.

"Bibi, mizinga iko upande ule. Anatakiwa aende akamtafute Liti."

"Nani amemtuma? Mtoto aliambiwa mambo yakitulia arudi nyumbani."

Akaendelea kubonyeza, amekodoa lile jicho moja, akiniuliza kila mara kama kuna jiwe mbele. Walipita mawe, wakapita shamba la uwele ambalo nililiweka pale kama pambo tu, wakafika kwenye tembe. Msichana akagonga ukuta. Akarudi nyuma, akagonga tena.

"Mlango uko wapi?" akauliza bibi.

Mlango nilikuwa sijautengeneza. Nyumba ile ilikuwa ya kuonekana kwa mbali, ukuta mtupu pande zote nne. Nikamwambia aniachie hadi kesho, nikarudi kwangu, nikawasha kompyuta.