Yatima wa Mkorosho

Mama msomaji, ukishuka daladala Goba Kati ukafuata vijia vya vilimani, utaona mikorosho na miembe iliyosalia ikichungulia juu ya kuta za matofali. Zamani tulikuwa Kinondoni, siku hizi tumo Manispaa ya Ubungo, na viwanja vinasafishwa kila upande. Kwenye mashimo ya miti hiyo ndimo anamozalia kindi wetu wa pwani, mwenye tumbo jekundu, ambaye wengine mnamwita kuchakuro.

Jirani alipoangusha mkorosho wake ili ajenge, watoto waliniletea vichanga viwili ndani ya kipande cha kitenge. Macho yamefumba, miili baridi.

"Mama nesi, tuwape maziwa?"

Hapana. Ni kama mtoto njiti: joto kwanza. Mwili uliopoa hausagi chakula, na maziwa ya ng'ombe huwaharisha hadi wakaishiwa maji. Tulijaza maji ya moto kwenye chupa ya soda, tukaiviringisha kwa khanga, tukawalaza kando yake kikapuni. Tuliwashika kwa kitambaa. (Mnyama wa porini akikung'ata, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda zahanati bila kuchelewa.)

Walipopata joto, tulikifunga kikapu kwenye mwembe ulio karibu na kisiki, mbwa wakafungiwa, watu wote tukaondoka. Watoto walinung'unika; walitaka kuwafuga. Lakini kindi aliyelelewa mikononi mwa watu hupoteza woga, na siku akiachiwa atamsogelea paka. Tena Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inadai kibali. Anayepata yatima asiye na mama wa kumrudia awaarifu maofisa wanyamapori. Pori la Akiba Pande haliko mbali nasi.

Mama kindi akiona pametulia, mara nyingi hurudi na kuwahamisha wanawe kwa mdomo. Huyu alikuja kabla ya magharibi. Alimchukua mmoja. Yule wa pili, aliyepondwa mguu na tawi, alimnusa akamwacha. Daktari wa mifugo alimfunga mguu, lakini hakufika asubuhi. Binti mdogo wa jirani alilia kuliko wote.

Jirani amebakiza mkorosho mmoja upande wa jikoni. Fundi analalamika kwamba majani yataziba mfereji wa paa.